Inayogonga Siyo Iliyokufa

Mlio ulianza msimu wa masika, mbele kushoto, kwenye tuta la pili ukitoka kwangu Goba kwenda Mbezi. Ko-ko. Haukuwa mkubwa. Kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nikizima redio nausikia, nikiiwasha unapotea, na kwa wiki tatu nilikuwa nalitibu gari langu kwa kuongeza sauti ya redio.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya 2004, ile ambayo ukisimama dakika tano Mwenge utahesabu wenzake kumi. Mimi nauza vitenge na madera. Kila Jumanne na Ijumaa natoka Kariakoo na marobota, viti vya nyuma vimelazwa, buti limejaa mpaka sioni kioo. Nataja hilo mapema kwa sababu baadaye lilikuja kuwa na maana, ila wakati ule nilikuwa nawaza mbele tu, kwa kuwa mbele ndiko kulikolia.

Fundi wangu wa kwanza alikuwa kijana mwenye gereji chini ya mwarobaini. Alisimama mbele ya gari, akaweka mikono miwili juu ya boneti, akaligandamiza kwa uzito wake wote, akaachia.

"Dada, umeona inavyonesa? Shokapu za mbele zimekwisha hizi."

Niliona boneti limeshuka, likapanda, likatulia. Sikujua kwamba hivyo ndivyo linavyotakiwa kufanya. Gari lenye shokapu nzima ukilibonyeza kona moja na kuliachia linapanda mara moja, pengine linashuka kidogo, basi, limekaa. Linalopanda na kushuka, likapanda tena, likashuka tena kama kitanda cha springi, hilo ndilo lenye shida. Kijana alikuwa amenionyesha kwa mikono yake mwenyewe kwamba shokapu zangu za mbele hazijafa, na mimi nikatoa laki na themanini.

Akaweka za mtumba. Wakati nahesabu hela, akasema, "Dada, hizi mbovu niachie, nitauza chuma chakavu." Nikamwachia. Nikajiona mwema.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu, ko-ko. Nikarudi. Sasa ikawa mauntingi za juu, zile raba zinazoshika shokapu kwenye bodi. Zikabadilishwa. Siku mbili kimya, ko-ko ikarudi. Mara ya tatu akaniambia shokapu nilizonunua ni feki. Nikamwangalia, maana dukani tulikwenda wote na aliyezichagua ni yeye.

Mwezi uliofuata nilimchukua mama kumpeleka Morogoro kwa dada yangu. Ni kilomita zipatazo 190 na mama yangu hapendi kukaa mbele, anasema mbele anaona kifo kikija. Akakaa nyuma. Tulipopita Mlandizi akaniambia nipunguze mwendo. Nikapunguza. Baada ya muda akaniambia nisimame, akashuka, akatapika kando ya barabara, akasukutua. Mama ni mtu wa Bagamoyo, amepanda majahazi tangu msichana na sijawahi kumsikia akisema kichefuchefu.

"Mwanangu, hili gari lako lina mawimbi."

"Mawimbi gani, mama?"

"Ya mkia. Huko mbele ulipo wewe mko bandarini. Huku nyuma tuko kilindini."

Nilicheka. Kisha, kabla hatujafika Chalinze, kwenye kona yenye bonde kidogo katikati ya lami, nyuma ya gari ilijitupa pembeni. Haikuteleza, lami ilikuwa kavu. Ilikuwa kama mtu ameishika mkia na kuisogeza kulia nusu hatua. Nikashika usukani kwa mikono miwili na sikucheka tena mpaka Msamvu.

Jambo ambalo mama alilijua kwa saa moja mimi sikulijua kwa mwaka mzima. Shokapu haifi siku moja. Inapungua kidogo wiki hii, kidogo wiki ijayo, na dereva anazoea. Unaanza kupunguza mwendo kwenye kona bila kujua kwa nini. Unafunga breki mapema zaidi. Unaanza kusema barabara imeharibika. Anayepanda gari kwa mara ya kwanza ndiye anayeliona lilivyo, kwa hiyo siku hizi nikitaka kujua hali ya gari namwomba mtu mwingine aliendeshe mpaka dukani na kurudi.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja Ilala. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa, na nikamweleza habari yote tangu tuta la pili. Nilitegemea abonyeze boneti. Hakuligusa. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akapapasa tairi la kushoto taratibu kama mtu anayechagua papai.

"Njoo mwanangu. Weka kiganja. Usiangalie, papasa tu."

Nikapapasa. Kwa macho tairi lilikuwa na kashata, yale meno yanayoshika lami, za kutosha. Kwa kiganja lilikuwa na vilima na mabonde, kilima, bonde, kilima, bonde, kulizunguka lote.

"Tairi lililoisha ndani tu au nje tu, hiyo mara nyingi ni alaimenti, magurudumu hayajanyooka. Lililoisha katikati, upepo ulizidi. Lililoisha pande zote mbili, upepo ulipungua. Hili lenye mabonde lilikuwa linaruka. Likigusa lami linakwanguka, likiruka linapumzika."

"Lakini mzee, kelele iko mbele."

"Umekuja kuniuliza kelele au umekuja kuniuliza shokapu?"

Nilinyamaza. Ndipo akanieleza kitu ambacho naona kila mwenye gari angepaswa kuelezwa siku anayokabidhiwa funguo. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu haibebi. Kazi yake ni kuituliza springi, kwa sababu springi ukishaibonyeza haina adabu ya kusimama yenyewe. Ndani ya shokapu mna oili na vitundu vidogo. Fimbo ikishuka au ikipanda, oili inalazimishwa kupita kwenye vile vitundu, inakataa, na ule ukataaji unageuka joto. Shokapu inayofanya kazi ni ya moto. Alinituma nilizungushe gari kwenye barabara mbovu dakika kumi na tano, niliporudi akanigusisha miili ya zile mbili za nyuma kwa mgongo wa kidole, mbali na bomba la moshi. Ya kulia ilikuwa na joto. Ya kushoto ilikuwa baridi kama haikutoka nyumbani.

Hiyo ya kushoto ilikuwa imelowa. Hapa niseme neno, maana nimeona watu wakitupa shokapu kwa ajili ya unyevu. Kiukungu chembamba cha oili karibu na sili, ile raba inayozuia oili isitoke, kilichoshika vumbi, si ugonjwa. Fimbo inapopanda hutoka na utando wa oili. Oili iliyotiririka mpaka chini, ikafanya tope jeusi kwenye mwili wa shokapu, hiyo ndiyo imetoka ndani na ndani hakuna kitu. Yangu ilikuwa tope. Na sababu ilionekana hapohapo juu yake: ile soksi ya raba inayofunika fimbo ilikuwa imechanika na kubaki kola tu. Vumbi la Goba lilikuwa limekaa kwenye fimbo inayong'aa na kuisugua kila gari liliponesa, mpaka fimbo ikapata mikwaruzo na sili ikakatika. Soksi yenyewe ni bei ya chai na chapati mbili.

Baada ya hapo ndipo akarudi kwenye ko-ko. Hakunipa hata nafasi ya kuulizia. Alimwambia kijana wake afungue linki za stebilaiza za mbele, vile vifimbo vinavyoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, zote mbili, azifunge pembeni kwa waya, halafu apite na gari kwenye tuta la pale nje polepole. Kimya. Akapita tena. Kimya. Akaniletea linki ya kushoto mkononi. Ni kifimbo kifupi chenye vichwa viwili vya mviringo, na kichwa cha chini kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Elfu kumi na tano. Kwenye IST linki hiyo imefungwa kwenye shokapu yenyewe, ndiyo maana kila kijana yule alipotoa shokapu na kuirudisha, alikuwa anaikaza linki upya, inakaa vizuri siku mbili, kisha inalegea kwenye ugonjwa wake.

Nimekuja kuisikia mara nyingi baada ya hapo, kwenye teksi, kwenye gari za majirani. Milio midogo ya harakaharaka kwenye mashimo madogo, mwendo mdogo, hasa gurudumu moja linapopanda peke yake, hiyo kwanza kabisa nenda kwenye linki. Mlio mmoja mzito unapofunga breki au kuanza kuondoka, tazama bushi, zile raba za maungio, za mkono wa chini unaoshika gurudumu. Springi ya mbele inayoruka na kulia "twang" unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, ni beringi ya mauntingi imekwama: mtu azungushe usukani, wewe weka kiganja juu ya springi bila kupenyeza vidole katikati yake, utaisikia ikijikunja, ikijikunja, kisha ikiruka. Shokapu inaweza kugonga pia, sikatai, ikiwa imekwisha kiasi cha kufikia mwisho wake na kupiga chuma kwa chuma. Lakini kwa kawaida inakufa bila kumsumbua mtu. Mgonjwa wa nyumba alikuwa kalala chumba cha nyuma, sisi tunampa dawa anayekohoa sebuleni.

Kuhusu kubonyeza, nilimuuliza mzee kwa nini yeye habonyezi. Akanibonyezea. Nyuma kushoto, gari likanesa mara tatu. Nyuma kulia, likanesa mara moja na kutulia, safi. Akazifungua zote mbili. Nati za juu ziko ndani ya buti, nyuma ya pambo la plastiki, na nilikuta kule kijiko na kanga ya mteja niliyemlipa fidia mwaka juzi. Alinipa ya kushoto niisukume kwa mkono: ikaingia kama pampu ya baiskeli isiyo na raba. Sawa, hiyo tuliitegemea. Kisha akanipa ya kulia, ile iliyofaulu mtihani. Ikasukumika bure kama urefu wa kidole, halafu ndipo ikakaza. Nikaivuta, hivyohivyo, pengo la bure kisha kukaza.

"Hii nayo ni maiti?"

"Hii inaumwa. Ukibonyeza kwa mkono unabonyeza polepole, gari zima linapanda na kushuka mara moja au mbili kwa sekunde. Barabarani tairi linatetemeka mara kumi na zaidi kwa sekunde. Humo kwenye pengo hakuna anayelishika. Mkono wako hauwezi kwenda mbio hiyo."

Kwa hiyo kubonyeza kunakuambia aliyekufa, hakukuambii anayeumwa. Likinesa sana, jibu umelipata. Likitulia, hujapata jibu lolote, rudi kwenye matairi.

Nilidhani tumemaliza. Nikatafuta bei, nikarudi na shokapu mbili za nyuma. Mbili, kwa sababu zinabadilishwa kwa jozi: ukiweka mpya upande mmoja na mgonjwa upande mwingine, gari linakuwa na mguu mmoja wa askari na mmoja wa mlevi, na siku ya kufunga breki za ghafla utaujua ni upi. Mzee alizipokea, kabla ya kuzifunga akazisimamisha wima akazibonyeza na kuzivuta kila moja mara tano au sita, kutoa hewa iliyoingia kwenye oili zilipokuwa zimelazwa dukani. Hizi nazo zilikuwa za mtumba, na dukani nilikuwa nimefanya kama alivyonituma. Ibonyeze mpaka mwisho, uiachie. Ya gesi inapanda yenyewe polepole bila kusita. Ikibaki chini, gesi imetoka. Ukazo uwe uleule njia nzima, kwenda na kurudi. Angalia fimbo kwenye mwanga, hasa kama ina alama za meno, maana wapo wanaoishika kwa praizi ili nati isizunguke, na meno hayo ndiyo yatakayokata sili miezi miwili baadaye. Muuza duka aliniuliza nimesomea wapi ufundi. Nikamwambia nauza vitenge.

Na kweli vitenge ndivyo vilivyonisaidia kwenye lililofuata. Mzee alikuwa amesimama mbali, anaangalia gari kwa nyuma, kichwa kimeinama.

"Limelala kulia."

Mimi sikuona kitu. Aliomba futi, kijana hakuwa nayo. Mimi kwenye mkoba sikosi utepe wa kupimia nguo. Tukalisukuma gari mbele na nyuma kidogo ili likae baada ya kutoka kwenye jeki, kwenye sakafu iliyonyooka, buti tupu, upepo wa matairi umelinganishwa, kisha nikapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, kila gurudumu. Usipime kutoka chini, tairi lililoisha litakudanganya. Mbele kulia na kushoto, sawasawa, 36 na nusu. Nyuma kushoto, 37. Nyuma kulia, 35.

Sentimita mbili kwenye gauni mteja anarudisha. Kwenye gari nilikuwa nimetembea nazo sijui tangu lini.

Kwenye IST nyuma springi na shokapu zimekaa mbalimbali, siyo kama mbele ambako zimevishana. Kule mbele ni mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, ambao Ford waliuingiza kwenye magari yao mwanzoni mwa miaka ya 1950: shokapu ndiyo nguzo, imevaa springi, na inageuka pamoja na usukani. Ndiyo maana kazi ya mbele inahitaji chombo cha kuikaba springi, na nilipomsimulia mzee kwamba kijana wa mwarobaini aliikaba kwa kamba ya nailoni na waya, aliweka spana chini. Springi iliyokabwa ina nguvu kubwa sana. Kamba ikikatika au nati ya juu ikifunguliwa kabla ya wakati, inaruka, na haichagui kidevu cha nani. Kwa nyuma ni nafuu: unashusha ekseli baada ya kufungua shokapu kwa chini, springi inatoka kwa mkono. Angalia tu mpira wa breki usivutwe.

Springi ya kulia ilipotoka ilionekana nzima. Mzee akaigeuza, akaipangusa, akaweka kidole kwenye ncha ya chini, ile inayokaa ndani ya kiti cha raba. Haikuwa na ncha. Kipande kama nusu ya mzunguko kilikuwa kimevunjika na kubaki kwenye raba, kimelala kwa kutu. Maji na tope hukaa humo, rangi inabanduka, kutu inatafuna, na robota la vitenge la Ijumaa linamalizia. Kwa jicho, gari likiwa chini, usingekiona kipande hicho. Nilibadilisha springi zote mbili za nyuma, na sasa marobota makubwa nakodi kirikuu.

Kuna watu wangeniambia niweke spesa, ile tonge ya raba au chuma ya kuinua gari. Yule kijana wa kwanza aliwahi kunishawishi. Sina ugomvi na anayetaka gari liwe juu kwa ajili ya njia ya kwao, lakini spesa haiponyi springi iliyolala, inaisimamisha kwenye kisigino kirefu. Ukiweka mbele, draivu shafti, zile fimbo zinazozungusha magurudumu, zinakaa kwa pembe kali na raba zake zinachanika mapema. Kupima kwanza ni bure.

Kazi ya mwisho ilinishangaza. Bolti za chini za shokapu, zinazopita kwenye bushi, hakuzikaza gari likiwa limening'inia. Alilishusha kwanza, akalitikisa, ndipo akaingia chini na kukaza. Bushi ya raba ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, gari likikaa chini raba inabaki imejisokota siku zote na inachanika. Vijana wengi wanakaza juu ya jeki kwa sababu kuna nafasi ya mkono.

Matairi ya nyuma niliendelea nayo mwezi mzima na yaliendelea kuvuma, vuuu, mlio wa beringi iliyokufa. Si beringi. Mabonde hayaondoki kwa kuweka shokapu mpya. Niliponunua matairi mawili, uvumi ukaondoka, na alaimenti ikafanywa siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza kuendesha nilifunga breki kwenye taa na gari likasimama mapema kuliko nilivyolizoea, nikabaki hatua tatu nyuma ya mstari, aliye nyuma yangu akapiga honi. Mama nimempeleka Morogoro tena. Alilala tangu Kibaha.

Kabla sijaondoka Ilala, mzee alikuwa ameniuliza zile shokapu zangu za mbele za mwanzo ziko wapi, zilizotoka na gari Japani. Nikamwambia nilimwachia kijana, akauze chuma chakavu. Alicheka mpaka akashika meza.

Gereji ya mwarobaini bado ipo. Juzi nilipita pale saa za jioni, foleni imesimama. Kwenye waya, kati ya mafeni na rimu, palikuwa na shokapu mbili za mbele za IST, zimepigwa rangi nyeusi mpya, na mteja ameinama anazikagua, kijana amesimama pembeni yake, mikono miwili juu ya boneti la gari la watu.